Sura ya Tano: Nani Alimtaka Babu Yako?

"Nianzie wapi, na babu hakuacha hata cheti cha kuzaliwa?"

Swali hili utalisikia Gatwekera, utalisikia Kianda, huku Kibera, na ukivuka kwenda Kawangware utalikuta limekutangulia. Anayeliuliza mara nyingi ana haraka. Pengine ni kijana wa Kinubi aliyekwenda kuomba kitambulisho, akapigwa msasa, akaambiwa alete karatasi za babu yake. Pengine ni ndugu wawili wanaovutana juu ya shamba la ushago. Wengine hawana kesi wala fomu ya kujaza: mtoto amerudi shuleni na kazi ya kuchora mti wa ukoo, na baba mtu amepanda hadi jina la babu, hapo juu pakamshinda.

Usianze kwa kutafuta alizaliwa lini. Anza kwa kuuliza nani alimtaka. Serikali, jeshi, mwajiri, kanisa na mahakama hawakuandika jina la Mwafrika kwa mapenzi. Waliliandika siku walipohitaji kitu kwake: kodi, jasho, damu, roho au faini. Ukijua nani alimhitaji babu yako, umejua ni ofisi ya nani iliyobaki na jina lake.

Cheti ambacho hakikuandikwa

Usajili wa vizazi, yaani serikali kuandika kila mtoto anayezaliwa, ulianza Kenya mwaka 1904 kwa Wazungu, na 1906 kwa Waasia. Mtoto wa Kiafrika hakulazimika kusajiliwa. Sharti hilo lilianza kumfikia mwaka 1963, tena wilaya baada ya wilaya, hadi 1971 ndipo likaenea nchi nzima.

Kwa hiyo mzee aliyezaliwa Nyanza au Ukambani mwaka 1910 hana cheti kilichopotea. Hakikuwahi kuwepo. Akiwa nacho, kiliandikwa uzeeni kwa makadirio, na ukiona tarehe ni 1 Januari, mara nyingi hiyo ni siku aliyoichagua karani. Nimeona watu wakihangaika kutoka dirisha hadi dirisha wakitafuta karatasi ya aina hii. Nguvu hizo zipeleke kwingine.

Kwanza walio hai

Karatasi hazikimbii; wazee ndio huondoka. Lakini ukimwuliza mzee mwaka, umemfungia mlango. Muulize jambo lililotokea, kisha jambo la pili lililokuwa karibu nalo. Mazungumzo mazuri huenda hivi:

"Nyanya, babu alirudi vitani mwaka gani?"

"Mwaka nitaujulia wapi, mjukuu wangu?"

"Aliporudi, mama yangu alikuwa amezaliwa?"

"Alikuwa anatambaa. Alimkimbia babu yako, akalia, kwa sababu hamjui."

Kama mama huyo alibatizwa akiwa mchanga mwaka 1945, na kadi ya ubatizo ipo, tayari umekaribia tarehe ya babu kurudi, na pia unajua ni vita vipi. Nchi yetu ina matukio mengi ya kushikilia: nzige wa mwishoni mwa miaka ya 1920, njaa ya 1943, mafuriko ya 1961. Wabukusu wana kalenda bora kuliko ya karani yeyote, kwa sababu hutahiri mwezi wa Agosti wa miaka shufwa, na kila kundi huingia katika rika lenye jina: Maina, Chuma, Sawa, Kolongolo na mengine. Mbukusu anayejua rika la babu yake, na tukio lililotambulisha mwaka wake ndani ya rika hilo, yuko karibu sana na tarehe.

Majina nayo husaidia, ila yana mtego. Wafula ni wa mvua, Wanjala ni wa njaa, Otieno ni wa usiku. Hata hivyo mtoto huweza kurithishwa jina la marehemu wa ukoo, na hapo Wanjala wako huenda alizaliwa mwaka wa mavuno tele. Jina peke yake lisikupe mwaka. Lisubiri shahidi wa pili.

Waliotakwa na jeshi

Kwa Wanubi wa Kibra swali la nani alimtaka babu lina jibu moja kubwa: jeshi. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa historia hii inaonyesha vizuri jinsi mtu anavyoingia katika karatasi na jinsi anavyopotelea humo humo.

Mababu hao walikuwa askari wa Misri katika jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudan, chini ya gavana Emin Pasha. Vita vya Mahdi vikawakatia njia ya kaskazini, na Khartoum ikaanguka Januari 1885. Mwaka 1891 Lugard, aliyekuwa akitumikia kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, aliwakuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua pamoja na wake na watoto wao hadi Uganda. Mwaka 1897 baadhi yao waliasi, uasi ulioanzia Eldama Ravine. Tarehe 1 Januari 1902 vikosi vya Afrika Mashariki na Kati vikaunganishwa kuwa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya.

Waliostaafu walipewa nafasi ya kukaa msituni karibu na Nairobi, mahali walipopaita Kibra, ndiyo Kibera ya leo, kwa vibali vya jeshi. Mwaka 1918 eneo hilo, kama ekari 4,198, likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Jeshi lililisimamia hadi 1928, kisha likakabidhiwa serikali ya kiraia. Miaka hiyo miwili iandike pembeni, kwa maana inakuonyesha mahali pa kutafuta. Ugomvi wa mpaka wa shamba wa 1922 ulikuwa mikononi mwa jeshi. Wa 1935 ulikuwa kwa mkuu wa wilaya.

Sasa tuchukue mfano. Wewe ni wa Makina, hapo Kibra, na nyumbani husemwa kwamba babu wa babu alikuwa "shawishi". Usilipite neno hilo. Keya ya mwanzo ilibeba vyeo vya jeshi la Misri, vyenye asili ya Kituruki: ombashi ni koplo, shawishi ni sajini, bashshawishi yuko juu yake, na effendi ni afisa mwenyeji. Familia inayokumbuka "shawishi" inakumbuka mtu wa kizazi cha vyeo hivyo, si askari aliyeingia jeshini wakati wa vita vya Hitler.

Baada ya cheo, tafuta namba. Kila askari alikuwa na namba ya jeshi, nayo inaaminika kuliko jina. Jina la Farajalla karani Mwingereza aliweza kuliandika kwa namna tatu katika mwezi mmoja: Faraj Alla, Feragalla, Fara Jala. Namba haikubadilika kila karani alipobadilisha kalamu. Nayo hupatikana mahali ambapo wengi hawaangalii, kwenye ukingo wa medali. Medali ya Uingereza ya Vita Vikuu vya kwanza ilichorwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe, kwa herufi ndogo zinazohitaji mwanga wa pembeni kuzisoma. Kwa askari ilikuwa ya fedha, na sitaki kufikiria ni ngapi zilizoyeyushwa na masonara wa mjini.

Kutoka namba unaweza kwenda kwenye orodha za waliopewa medali, zilizohifadhiwa Kew, London, katika Nyaraka za Taifa za Uingereza. Lakini usitarajie wasifu. Orodha itakuambia kwamba mtu huyu alikuwepo, katika kikosi hiki. Mke wake hayumo. Kijiji alikotoka hakimo.

Tena kuna ukuta. Wengi wa askari wale wa kwanza walikuwa wametekwa utotoni na wafanyabiashara ya watumwa, au walichukuliwa kwa nguvu kuingia jeshini, na majina ya Kiislamu tunayoyajua waliyapata huko. Nyuma ya jina la kambini karatasi hukatika. Kinachobaki ni kumbukumbu ya kabila la asili ambayo familia nyingi bado zinayo: sisi Bari, sisi Makaraka, sisi Mundu, sisi Lendu. Kwa mtafutaji neno moja la namna hiyo kutoka kwa nyanya lina uzito kuliko jalada zima, kwani hakuna ofisi iliyolihitaji na hivyo hakuna aliyelihifadhi ila yeye.

*Kwa ufupi: cheo kinakupa kizazi, namba inakupa mtu, medali inakupa namba. Asili atakupa nyanya peke yake.*

Wapagazi, na mishahara isiyochukuliwa

Si kila aliyekwenda vitani alibeba bunduki. Katika vita vya 1914 hadi 1918 mamia ya maelfu ya Waafrika walibeba mizigo ya jeshi, na mitaa ya Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam imeitwa kwa jina la kikosi chao, Carrier Corps. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Mishahara ya waliokufa ilibaki hazina bila kuchukuliwa, na baada ya vita maofisa walibishana kwa miaka kama inaweza kulipwa, sababu moja ikiwa ni kwamba warithi hawakuweza kutambuliwa kutokana na yale yaliyoandikwa. Fedha hizo warithi hawakuzipata.

Kwa hiyo ukisikia nyumbani kwenu kwamba kaka yake babu "alikwenda Tanganyika hakurudi", na humpati popote, usidhani umetafuta vibaya. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Waliotakwa na mwajiri

Wakazi wengi wa Kibera leo, kama wale wa Sarang'ombe, hawatokani na Keya. Walitoka Nyanza, Magharibi, Ukambani na Kisii, wakiwafuata baba na babu waliokuja mjini kutafuta kazi. Kwa hao, karatasi ya kwanza ni kipande.

Kipande kilianza kugawiwa mwaka 1919 na 1920. Kila mwanaume Mwafrika aliyepita miaka 16 alisajiliwa, akachukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi ya kubeba kila aendako, mara nyingi ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Humo mwajiri aliandika siku ya kuanza kazi, mshahara, na siku ya kuachishwa. Kilikuwa pingu: asiyetiwa sahihi ya kuondoka alihesabiwa mtoro. Lakini kwa mjukuu ni historia ya kazi ya miaka mingi, mwajiri baada ya mwajiri.

Watumishi wa nyumbani walikuwa na kijitabu chao, chini ya sheria ya 1928. Kilicho maarufu kuliko vyote ni cha Hussein Onyango Obama wa Kogelo, babu wa rais wa zamani wa Marekani, aliyekuwa mpishi na mtumishi wa Wazungu hapa Nairobi. Barack Obama alionyeshwa kijitabu hicho nyumbani kwao na akakieleza katika kitabu chake cha 1995. Waajiri wameandika maoni yao humo. Afisa wa Ikulu ya gavana anasifu kazi ya Onyango. Mwajiri mwingine anasema hafai shilingi 60 kwa mwezi. Nani alisema kweli? Pengine wote wawili, au hakuna. Sifa na lawama za mwajiri hukuambia habari za mwajiri kwanza.

Mimi huvutiwa zaidi na ukurasa wa maumbile. Umri, 35. Urefu, futi sita. Kwenye meno karani ameandika kwamba sita hayapo. Mistari michache chini, palipoulizwa makovu na alama za kabila, ameandika kwamba hakuna. Mjaluo yeyote angecheka. Kung'olewa meno sita ya chini ndiyo iliyokuwa alama ya Mjaluo wa wakati huo, aliyoipata ujanani mbele ya wenzake wa umri mmoja. Karani aliiona alama, akayahesabu meno yake, akaandika kwamba haipo. Soma kila karatasi ya ukoloni kwa jicho hilo: alichokiona karani mara nyingi ni sahihi, alichokielewa ni jambo jingine.

Na ule umri wa 35? Kuna wanaosema Onyango alizaliwa 1895, wengine husema 1870. Tofauti ya miaka 25, kwa mtu ambaye waandishi wa dunia nzima wamemchunguza. Wako akikukwepa kwa miaka mitano, una bahati.

Wanawake, ambao hakuna aliyewataka kwa karatasi

Nyanya hakubeba kipande. Hakulipwa mshahara uliotiwa sahihi. Katika vibali vya Kibra shamba lilikuwa la askari, hata kama jembe lilikuwa lake. Ndiyo maana miti mingi ya ukoo ina majina ya wanaume juu na nafasi tupu pembeni.

Hata hivyo kuna milango mitatu ambayo imenishawishi. Wa kwanza ni ndoa ya Kiislamu. Sheria ya kuisajili ilikuwepo tangu 1906, na cheti chake hutaja walii, yaani mwanaume wa upande wa bibi harusi anayemwozesha, kwa kawaida baba yake. Kwa karatasi moja umepata ukoo wa mke. Wa pili ni rejista ya ubatizo ya Kanisa Katoliki. Humo wapo wazazi wote wawili na msimamizi, na pembeni ya mstari padre huongeza baadaye kipaimara na ndoa, pamoja na mahali ilipofungwa. Msichana aliyebatizwa Mumias na kuolewa Nairobi anaweza kufuatwa kwa maandishi ya pembeni tu.

Mlango wa tatu wengine huuonea haya: faini. Kibra ilijulikana mji mzima kwa pombe ya kukeneka ya Kinubi, na wapishi wake walikuwa hasa wanawake, wengi wao wajane wa askari. Maofisa waliilalamikia pombe hiyo mwaka baada ya mwaka na kuitumia kama sababu ya kutaka watu wahamishwe. Jina la nyanya likitokea kwenye kesi ya pombe, usilifiche. Huenda ndiyo siku pekee serikali ilipoandika jina lake, na huenda pombe hiyo ndiyo iliyowasomesha wanawe.

Kawangware: tafuta Kiambu

Watu wa Kawangware na Dagoretti hukosea ofisi. Sehemu hizo zilikuwa chini ya wilaya ya Kiambu hadi mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa karibu na uhuru, kwa hiyo karatasi za ardhi na za machifu za kabla ya hapo zitafute katika majalada ya Kiambu. Chanzo kingine ni Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Jaji Carter kuanzia 1932. Ripoti yake ilitoka pamoja na majuzuu matatu ya ushahidi, na humo wazee wa Kikuyu wanadai ardhi kwa kutaja mbari, yaani koo zao, na mababu walioikalia. Wanubi wa Kibra wamo pia. Tume iliwahukumu kuwa wapangaji wa serikali wanaoweza kuondolewa, lakini wanaostahili fidia. Hukumu ilikuwa mbaya. Ushahidi uliotolewa mbele ya tume ni hazina.

Ndani ya Nyaraka za Kitaifa

Jumba la Nyaraka za Kitaifa liko Moi Avenue, katika jengo la zamani la benki, mahali ambapo nusu ya Nairobi hupeana miadi bila kuingia ndani. Ingia. Wengi hukata tamaa siku ya kwanza kwa sababu huuliza jina la babu, na majalada hayakupangwa kwa majina ya watu. Yamepangwa kwa ofisi iliyoyaandika: mkuu wa wilaya, mkuu wa jimbo, idara ya ardhi, idara ya kazi. Kabla ya kwenda andika kwenye karatasi moja:

- jina, na kila namna ambayo mgeni angeweza kuliandika;
- wilaya kama ilivyoitwa wakati huo, si kaunti ya leo;
- miaka kumi unayoishuku, si mwaka mmoja;
- nani alimtaka: jeshi, reli, mmishenari, mahakama, mtoza kodi.

Kisha omba ripoti za mwaka za wilaya hiyo, na ripoti za makabidhiano, zile ambazo ofisa anayehama alimwandikia anayekuja kumweleza nani ni mkorofi na nani ni mtiifu. Kama babu yako alikuwa mkorofi, umeokoka. Watiifu huandikwa kwa uchache.

Karatasi zinazofanya kazi

Kazi hii si ya kujifurahisha tu. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya iliwakosea watoto wa Kinubi kwa kuwanyima uraia tangu kuzaliwa. Sensa ya 2009 ilikuwa imewahesabu Wanubi kwa jina lao. Juni 2017 jamii yao ikakabidhiwa hati ya pamoja ya ardhi ya Kibra, ekari 288 kati ya zile 4,198 za mwaka 1918. Wazee waliodai walikuwa na vibali vya mababu mikononi, vilivyochakaa mikunjo, na madai yao yalisimama juu ya karatasi hizo.

Kama kwenu kuna kibali, kipande, kijitabu cha kazi au medali ndani ya sanduku, kipige picha leo, pande zote mbili, maana muhuri na sahihi mara nyingi viko nyuma. Nakala mpe ndugu anayeishi mtaa mwingine, kwa sababu Kibera huungua. Na usikubali kumwachia ofisa yeyote karatasi halisi. Mpe nakala, naye aitazame halisi ikiwa mkononi mwako.